Siku Afande Alipovua Bereti

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kupigwa hadharani, Tonny Ojok, anayejulikana Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa jina la Afande Radi, anastaafu mieleka Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti 2025. Amepanda ulingoni mara 614. Hajashinda hata mara moja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alijiunga na kampuni yetu, Mieleka Mashariki, mwaka 2003, alipoacha uaskari magereza. Mieleka yetu ni ya maonyesho, na tulihitaji mtu mbaya wa kushindwa na mashujaa. Ojok alivaa bereti nyekundu na miwani ya giza, akawaamuru watazamaji kwa Kiswahili wakae chini. Katika miji ambayo wazee wengi walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mwanajeshi mwenye bunduki, hakuhitaji kufanya zaidi. Walimzomea kabla hajamgusa mtu.

Alikuwa na sharti moja: bereti haivuliwi mbele ya watu. Aliivaa hata sokoni Mpumudde, ambako Jaliah, muuza nyanya, alimwambia kwa miaka mingi kwamba nyanya za watu wabaya zimeisha. Ikabidi mkewe, Night, ndiye awe ananunua. Ojok aliona fahari. Kwake hicho kilikuwa cheti cha kazi.

Sisi wenzake tulimjua kwa jambo lingine. Wanamieleka wanapokabana, mmoja huminya mkono wa mwenzake kwa siri, na mwenzake hujibu kwa kumminya naye. Maana yake: niko sawa, tuendelee. Wengine hufanya hivyo wakikumbuka. Ojok alifanya baada ya kila anguko, na wachezaji wapya wakambandika jina la Nesi.

Machi 2014, huko Namatala, Mbale, alipambana na Odhiambo, dereva wa malori kutoka upande wa Kenya na kipenzi cha watu. Odhiambo aliruka kutoka juu ya kamba, akateleza, akaangukia kichwa. Ojok akamminya mkono. Mkono haukujibu.

Alipiga kelele kuomba msaada. Watu wakacheka. Mmoja akamuuliza, "Afande, leo umejifunza kulia?" Chupa zikaanza kuruka. Hata mwamuzi alidhani ni mchezo. Kundi la mashabiki likapanda ulingoni kumwinua shujaa wao, na kumwinua mtu aliyeumia shingo kungeweza kumuua.

Ojok akavua bereti. Akaikunja, akaiweka kando ya shingo ya Odhiambo, kisha akashika kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike. Uwanja mzima ukaona kwamba Afande Radi ana upara.

"Musimguse," alisema, safari hii bila kupaza sauti. "Ni shingo. Mimi si Afande sasa."

Wakasimama palepale. Alikaa hivyo dakika arobaini mpaka gari la wagonjwa likafika, huku sikio lake likivuja damu palipopigwa chupa.

Odhiambo alipona, lakini hakupigana tena. Leo ni mwamuzi wetu. Ojok alirudi ulingoni Jinja wiki tatu baadaye na bereti mpya. Watu wakampigia makofi, naye akalalamika kwamba kazi imeharibika. Ilimchukua mwaka mzima kuchukiwa tena.

Tulipendekeza ashinde pambano hili la mwisho. Akakataa. "Watu wanakuja kuona mimi napigwa," alisema. "Siku ya kuaga ndio niwadanganye?" Jaliah amechukua kiti cha mbele, na ametangaza sokoni kwamba atakuja na nyanya, zilizooza.

Mwamuzi atakuwa Odhiambo. Ameomba jambo moja tu: kabla ya kuhesabu moja mpaka tatu kumaliza pambano, atainama na kumminya Ojok mkono. Watazamaji hawataona.

Afande, asante kwa kila anguko. Ukiminywa mkono Jumamosi, jibu. Halafu nenda nyumbani kwa Night, kichwa wazi, ukaishi vyema.