Nguvu Zilizobaki Kisiwani

Benchi letu liko mbele ya duka la dawa za mifugo la Tumainieli, hapa Same mjini, upande ambao upepo unakuja na vumbi nusu tu. Tumainieli hakusomea udaktari wa mtu wala wa mbuzi, ila anauza dawa ya kupe, basi tunamwita Daktari. Sadock ni fundi ujenzi, huyo ni Injinia. Mimi ni Katibu, kwa sababu niliwahi kuonekana na kalamu. Jumanne ile ya Januari tulikuwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa alipokuja Aminieli, bodaboda wetu, akitembea kwa miguu, akakaa mwisho wa benchi kama mtu aliyetoka msibani. Yeye tunamwita Zege. Miezi minane amekuwa akinyanyua vyuma nyuma ya gereji, na uzito wa vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi ambayo Injinia aliyajaza zege. Juzi tu alikuwa amerudi kutoka kwao Myamba, huko milimani, likizo ya Krismasi, siku kumi na mbili.

— Shikamooni.

— Marahaba, Zege. Mbona mnyonge?

— Jana nimerudi mazoezini. Chuma cha kilo sitini kimenishinda. Kimenilalia kifuani mpaka fundi wa gereji akaja kuninasua.

— Sitini ulikuwa unapiga mara kumi, alisema Injinia. Nilikuhesabia mwenyewe.

— Ndiyo hivyo. Siku kumi na mbili, miezi minane yote imeyeyuka. Na Jumamosi ndiyo machela.

Habari ya machela tulikuwa tunaijua. Mama yake nyonga imekataa, hospitali wamempangia siku, na nyumba yao iko mahali ambapo gari halifiki. Atabebwa na wanaume wanne kwenye njia ya mteremko mpaka barabarani. Mama alishasema yeyote aje abebe, ila mbele ashike mwanawe, ili njia nzima awe anauona mgongo wake. Zege alianza vyuma kwa ajili ya siku hiyo, ingawa sisi alituambia ni kwa ajili ya mabinti.

— Ni chakula, nilisema. Umekula makande na mbuzi wa sikukuu. Nguvu zimehamia tumboni. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nimepungua kilo mbili, Katibu.

Nikanywa kahawa yangu.

— Tatizo si wewe, ni zege, alisema Injinia. Ulipoondoka, mvua imepiga siku tatu makopo yakiwa nje. Zege linakunywa maji, mwanangu. Haba na haba hujaza kibaba. Hiyo sitini sasa ni themanini.

— Si tukapime kwenye mizani ya mahindi? aliuliza Zege.

— Mizani nayo ilinyeshewa. Huwezi kuiamini.

Daktari alikuwa amefumba macho. Akifumba macho ujue anakuja na jambo.

— Wote mmekosea. Zege, ulishuka na basi?

— Na basi.

— Ndiyo kosa. Nguvu za mtu aliyezoea baridi ya milimani hazishuki kwa mwendo wa basi. Zinashuka kwa miguu. Wewe umefika Same, zenyewe sasa hivi ziko kijiji cha Kisiwani, nusu ya njia.

— Zinafanya nini Kisiwani?

— Zinapumua. Mwenda pole hajikwai. Jumamosi zitakuwa hapa.

— Sasa Ijumaa mimi napanda tena Myamba, alisema Zege. Si tutapishana?

Daktari akafikiri.

— Basi zifuate leo. Pale Kisiwani teremka, kaa kwenye kivuli saa moja, usiongee na mtu.

Injinia aliuliza zitamtambuaje. Daktari akasema avae fulana ile ile aliyosafiri nayo. Mimi nilisema isiwe imefuliwa, na naona aibu kukiri kwamba nilikuwa sitanii.

Zege alikuwa ameacha kusikiliza.

— Nampigia mama, alisema. Nitamwambia shemeji ashike mbele. Nikimwangusha kwenye lile jiwe la kona ya mteremko, sitajisamehe.



Wakati huo mama mmoja, baadaye tulijua anaitwa Nashilu, alikuwa amesimama dukani akisubiri Daktari ainuke amuuzie dawa ya kupe. Ni mama wa Kimaasai, ana ng'ombe zake huko tambarare ya Makanya, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza anakuja pale.

— Wewe kijana, huko milimani ulikuwa unafanya nini?

— Shikamoo mama. Nilikuwa likizo.

— Likizo unafanya nini?

— Hakuna kitu. Tulichimba tangawizi tu, nikapandisha magunia kutoka bondeni mpaka barabarani.

— Mangapi?

— Thelathini na moja. Halafu kuni za mama, za kutosha mpaka Pasaka. Halafu mbao za paa la kanisa. Majani ya ng'ombe ni kila siku, hayo sihesabu.

— Vyuma je? aliuliza Injinia.

— Vyuma sikugusa hata kimoja. Ndiyo maana nimeisha.

Nashilu alimtazama kuanzia mabegani mpaka magotini, kama anayetazama wanyama wake.

— Punda akitoka safari na mzigo, mimi namwacha siku tatu. Wewe ulipumzika lini?

Zege akahesabu kwa vidole. Akarudia.

— Jumapili moja, alisema. Nilikaa ibadani.

— Baada ya ibada?

— Mbao.

Nashilu akachukua dawa yake akaenda zake. Sisi watatu, na miaka yetu yote ya benchi, tukatazama barabara. Zege akatoa simu.

— Shikamoo mama. Jumamosi nipo. Mbele nashika mimi... Hapana, siumwi, nimechoka tu, nitapumzika siku tatu, nitakuwa sawa.

Akasikiliza. Akaziba simu kwa kiganja, akatugeukia.

— Anauliza nimechoshwa na nini.

Zege akakiondoa kile kiganja chake chenye malengelenge ya jembe kwenye simu.

— Ni basi, mama, alisema. Viti vyake vibaya.