Mwalimu Kidole na Mwaka Aliojipunguzia

Kwanza tarehe. Ratiba mliyoishika inasema marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953. Kitambulisho chake, vyeti vyake na barua yake ya kustaafu vinasema 1954. Mchapaji alinipigia simu mara mbili kuuliza ni ipi iliyo sahihi, nikamwambia aandike kama nilivyompa. Ni 1953. Marehemu mwenyewe alitaka irekebishwe leo mbele yenu, na kazi hiyo akaniachia mimi, mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani ambaye hata barua za kawaida nilikuwa namwomba yeye aniandikie.

Alikuwa wa kwanza kati yetu watatu. Baba alikuwa seremala, mama alikuwa mpishi wa hospitali. Marehemu alikuwa mfupi tangu utotoni na hakupenda kutaniwa kwa hilo, kwa hiyo tulimtania sana. Alichojaliwa ni mwandiko. Akiwa na miaka minane alikuwa akiwaandikia majirani barua, na mama alikuwa akimfungia kitabu cha wageni kabatini asije akakijaza peke yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na sekondari mwaka 1968. Baba alitutoka mwaka 1970. Kidato cha nne alichaguliwa kiranja wa darasa lenye wanafunzi thelathini na mmoja, na dawati moja alikaa na kijana tuliyemwita Redio, maana aliweza kuiga sauti ya mtangazaji yeyote. Redio alikuwa mtu wa nyumbani kwetu. Alikuwa akinibeba mabegani na kutangaza kwamba ndege imeruka salama.

Vita vilianza Julai mwaka ule wa mwisho. Jumatatu tarehe 8 Novemba 1971 mwalimu mkuu alimwita kiranja ofisini, akampa karatasi nne na kalamu ya wino, akamwambia anakili kutoka kwenye rejista majina ya wavulana wote wa kidato cha nne na tarehe zao za kuzaliwa. Jeshi lilikuwa linataka waliotimiza miaka kumi na minane. Kaka alifika kwenye jina lake, akaandika 1954. Kisha akaichukua rejista yenyewe, akaikwangua kwa wembe, akairekebisha ifanane. Alifanya hivyo akiwa na akili timamu. Hakushauriwa na mtu, na mama hakujua.

Redio aliingia kuleta funguo za maabara. Akainama, akasoma, akaelewa. Yeye alikuwa ametimiza kumi na minane mwezi mmoja tu uliopita.

"Na mimi nipunguzie," alisema.

Kaka akamjibu, "Makosa mawili kwenye orodha moja yataonekana."

Redio alifikiri kidogo, akasema ni kweli, kisha akapuliza karatasi ili wino ukauke. Kaka aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kusahau pumzi ile. Mwalimu mkuu alitia sahihi bila kusoma.

Mahafali yalikuwa Jumamosi tarehe 27 Novemba. Darasa liliamua kila mmoja asimame aseme neno moja la kukumbuka miaka minne. Wengine walikumbuka siku paa la bweni lilipoezuliwa na upepo, wengine waliaga tu wakakaa, kwa sababu walijua wanakokwenda. Redio alisoma taarifa ya habari ya darasa zima. Alisema mpishi wa shule amekanusha kuwapo kwa nyama, na kwamba mwalimu wa hesabu bado anamtafuta x. Akamalizia kwa kutangaza kuwa kiranja wetu amegundulika ni mdogo kuliko wote, na taifa linamtakia makuzi mema. Ukumbi ulicheka, ukadhani ni ule utani wa urefu. Kaka naye alicheka. Redio angeweza kumwanika pale pale, lakini hakumwanika.

Jumatatu iliyofuata ofisa alisimama uwanjani akasoma orodha ile, yenye mwandiko wa kaka ulionyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Walisomwa wavulana kumi na wanne. Walirudi wanane. Redio alifia mpakani mwezi Februari. Vita vilikwisha Machi, wiki tatu kabla kaka hajatimiza kumi na minane yake ya uongo.

Marehemu alisomea ualimu, na mwaka 1975 akarudi kufundisha pale pale, miaka thelathini na tisa. Wengi mliojaa hapa amewafundisha, na mnajua kwa nini mlimwita Mwalimu Kidole. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunakili orodha kwake. Aliiandika mwenyewe, kisha akamwita kila mtoto mezani aweke kidole kwenye jina lake, asome tarehe yake kwa sauti, na kama si sahihi aseme hapo hapo. Mlimwona mtu wa kujisumbua bure. Leo mmejua.

Mwaka 1979 alimwoa shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji anasema miaka yote hiyo hakukubali kukatiwa keki hata mara moja, na ilipofika Aprili alikuwa akitafuta safari ya ghafla.

Kila Desemba alikwenda kwa mama yake Redio kutengeneza kilichoharibika: bawaba za mlango, bomba, kiti. Mama yule alimwita mwanangu. Alifariki mwaka 1998 akimshukuru. Na mimi nilikuwa nikienda naye, nakula chakula cha mama yule na kufunga kopo la mabaki nije nalo nyumbani. Nilijua. Nikiwa na miaka kumi na mitano nilikuta daftari la baba lenye tarehe zetu za kuzaliwa, nikamuuliza kaka, akaniambia yote. Nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyenisomesha na kuninunulia cherehani ya kwanza. Angeondoka yeye, sisi tungekuwa wapi? Swali hilo nimejiuliza maisha yangu yote, na bado naona haya kwamba jibu lake linanipendeza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mwezi uliopita, wodini, alimwita dada yake Redio akamweleza. Mimi nilikuwapo. Dada alimaliza kumenya chungwa alilokuwa nalo mkononi, akampa, ndipo akasema:

"Umengoja mpaka umekuwa mgonjwa, ili nisiweze kukugombeza."

Kaka akasema ni kweli. Dada akasema kaka yake yeye alisomwa mbele ya watu, basi na hili lisomwe mbele ya watu. Ndiyo asili ya karatasi hii. Marehemu aliifanyia masahihisho mara tatu, na penye sifa zake alipiga mstari.

Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, ndugu wawili na wanafunzi wasiohesabika. Redio hakuacha mke wala mtoto. Hakupewa muda.

Mtaona chini ya ukurasa wenu kuna mstari mtupu. Hapo ndipo husemwa apumzike kwa amani. Mchapaji alidhani nimesahau. Mimi nimelelewa na mkono ulioandika orodha ile, kwa hiyo neno hilo si langu kulitoa. Dada yake Redio amekaa safu ya tatu. Dada, ukiwa tayari, litamke wewe. Usipokuwa tayari, hakuna atakayekulaumu. Tutakaa kimya kidogo, kisha tutamzika hivyo hivyo.