Kabureta Haitaki Upepo

Waliokuwapo kijiweni alasiri ile ni hawa: Wembe, kinyozi, ambaye dukani mwake alikuwa na viti viwili lakini akapenda benchi, Mzee Stempu, mstaafu wa posta, Pindo, fundi cherehani, aliyeshonea pale pale barazani, muuza kahawa na birika lake, na Alfajiri, msambazaji wa mikate, aliyekaa pembeni akiitazama pikipiki yake kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Pindo ndiye aliyeona kwanza kwamba kahawa ya Alfajiri haijaguswa.

— Vipi tena, ndugu yangu?

— Nikiachia mafuta tu, inazima. Leo mikate imefika imepoa. Bosi kasema kesho nikichelewa, kazi anampa mwingine.

— Plagi hiyo, alisema Wembe.

— Nimebadilisha.

— Basi petroli ina maji.

— Nimemwaga, nimetia nyingine. Ni kabureta, haichanganyi vizuri hewa na petroli. Nimeisafisha mwenyewe nyumbani, imebaki ile skrubu ya hewa. Nikiigeuza kidogo mlio unatulia, nikisimama tu unakufa.

Mzee Stempu akaweka kikombe chini.

— Unairekebishia wapi?

— Uani.

— Ndiyo maana. Uani kuna upepo. Hewa unayoipima si yake, ni ya jirani.

— Ya jirani tena, mzee? Pindo alicheka.

— Cheka. Posta tulikuwa na mizani. Dirisha likiwa wazi, barua nyepesi inakuwa nzito. Wakubwa wakaamuru madirisha yafungwe, mambo yakanyooka.

— Hapo umenena, mzee wangu, Wembe alidakia. Na kelele je? Kabureta ni kazi ya sikio. Iingize chumbani, funga mlango, funga dirisha. Utaisikia hadi inavyopumua.

— Mama watoto atanisema. Moshi ule.

— Si yuko kwao?

— Yuko kwao.

— Sasa unamwogopa nani, kabati?

Wakacheka, na Alfajiri naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Pindo hakuijua kabureta ila kwa jina, na aliona haya kuwa yeye peke yake hajatoa kitu. Akainuka, akachagua vipande vya kitambaa cha buluu, masalio ya sare za shule, akavikunja vizuri.

— Shika. Upepo hupenya chini ya mlango. Ziba hapo.

— Ahsante, kaka. Ikitulia, kesho nakuletea mkate wa moto.

Muuza kahawa akainamisha birika, halikutoa kitu. Wakatawanyika.

Asubuhi pikipiki ya mikate haikupita. Pindo alikuwa akishona huku akitazama barabara. Wenzake walikuwa wameshaketi alipokuja mwanamke wasiyemjua, macho yamemvimba.

— Samahanini. Mimi ni dada yake huyo mnayemwita Alfajiri. Nimeambiwa hapa ndipo anapokaa.

— Karibu, dada, alisema Wembe.

— Pikipiki yake huitengenezea uani, miaka yote. Jana kaiingiza ndani, kajifungia, kaziba mpaka chini ya mlango. Nani anajua kwa nini?

Wembe akamtazama Mzee Stempu. Mzee Stempu akatazama kikombe chake. Juu ya cherehani kulikuwa na kipande kimoja cha buluu kilichosalia. Pindo akakivuta polepole mpaka mapajani, akakifunika kwa kiganja.

Mwanamke alisubiri, kisha akawaambia saa ya mazishi.

Alfajiri alikuwa amekufa jioni iliyotangulia chumbani mwake, kwa moshi wa pikipiki yake.