Mzee Zarwali Anastaafu, Hati ya Mfereji Inabaki

Alhamisi hii, tarehe 30 Juni, Mzee Zarwali Tanai, mtunza kumbukumbu wa mji wetu wa Zarkot, anafunga ofisi yake baada ya kuitumikia Halmashauri kwa miaka thelathini na minane. Katika muda huo hakuchelewa kazini hata siku moja. Wala hakukimaliza kitabu alichoajiriwa kukiandika.

Kitabu hicho ni historia ya mji na watu wake. Kila ukoo ulimwalika kwenye baraza yake ya wageni, ukamshindilia kebabu na chai ya kijani yenye iliki, kisha ukamsimulia habari za mababu. Sasa mtu aliyekula chumvi ya mwenyeji ataandikaje kwamba babu wa mwenyeji alikimbia vita? Kwa hiyo historia ya Zarkot ina kurasa mia sita na kumi na mbili, na haina mwoga wala mwizi hata mmoja. Vita tulivyoshindwa kule bondeni vimeandikwa kama safari ya kurudi nyumbani mapema. Koo zote arobaini na moja zilifika hapa za kwanza. Nimekipiga chapa mara nne kwa mashine yangu, huku nyuma ya pazia la ofisi, kwa hiyo najua ninachosema.

Kumbukumbu yake ya kichwani, hata hivyo, ni ya ajabu. Anaweza kukutajia babu zako saba bila kuvuta pumzi. Kwenye harusi moja, muuza vitambaa mmoja alijigamba kwamba ametoka kwenye uzao wa majemadari, akamwomba Mzee athibitishe. Mzee alianza kuwataja, akafika kwa babu wa tano, akaomba aongezewe pilau, kisha akarukia babu wa sita. Siku iliyofuata aliletewa kilemba kipya.

Lakini mwezi uliopita pilau haikusaidia. Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini wamegombania zamu ya maji ya mfereji tangu sijazaliwa, kila upande ukidai kwamba babu yake ndiye aliyeuchimba. Safari hii Mtaa wa Juu walifunga maji siku kumi na mbili, mapichi ya Mtaa wa Chini yakaanza kunyauka mitini. Janas wa Mtaa wa Chini alikwenda kufungua, akapigwa risasi ya paja. Jirga, yaani baraza la wazee, ikakaa uani mwa ofisi yetu na kumtaka Mzee atoe ushahidi wa maandishi, la sivyo ndugu zake Janas wangekwenda Mtaa wa Juu kutafuta paja la kulipiza.

Ushahidi ulikuwepo. Ulikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kiti chake, na alikuwa ameujua kwa miaka thelathini na minne. Akaufungua, akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Mfereji huu umechimbwa na..." Akakohoa. "Na mtu mmoja wa heshima zake."

"Mtu gani, Mzee? Taja jina!" akadakia Ghazan, mkubwa wa Mtaa wa Juu.

"Ni mama wa watu."

"Mama wa nani?"

"Wa kwenu. Na wa hawa pia."

"Utamtaja bibi yangu mbele ya wanaume wote hawa? Kunja karatasi hiyo, Mzee, usituvue nguo!"

"Kwa hilo naungana naye," akasema Ajmir, mkubwa wa Mtaa wa Chini.

Ndiyo mara ya kwanza nimewasikia wakikubaliana. Mzee akakunja karatasi. Jirga ikaahirishwa hadi Ijumaa hii, siku moja baada ya yeye kustaafu.

Nilikasirika, na sifichi. Nilimwambia, "Mzee, Janas anachechemea kwa sababu wewe unaona haya kulitamka jina la mwanamke mbele ya wanaume." Jumanne hii aliliweka sanduku la bati juu ya meza yangu.

"Binti yangu, ulimi umenigomea," akasema. "Wewe una mashine."

Kisha akaenda kunywa chai.

Haya basi. Hati inasema mfereji ulichimbwa na SPOGMAI BINTI TORDIL, aliyefiwa na waume wawili, akatoa bangili zake zote ili wachimbaji wapate kula. Kwa mume wa kwanza alimzaa baba wa Mtaa wa Juu, na kwa wa pili akamzaa baba wa Mtaa wa Chini. Ameagiza maji yaende wiki huku na wiki kule, na wanawe wasigombane. Waheshimiwa, mmekuwa mkimpiga risasi ndugu yenu.

Mzee Zarwali, tunakushukuru kwa adabu yako, ingawa imetugharimu, na kwa sanduku hilo, ingawa limechelewa. Tunakutakia mapumziko marefu, chai ya moto na wageni wasioomba kuongezewa mababu. Jarida hili la Halmashauri limebandikwa asubuhi ya leo msikitini, sokoni na kwenye mlango wa maji, ili lisomwe kabla jirga haijakaa.

Kwa kawaida hapa chini huandikwa "Mpiga chapa" tu. Leo limeandikwa na Gulalai binti Sabzali.