Mzee Kiberiti, Baba wa Bibi Bisibisi: Miaka Arobaini na Sita ya Jarida la Mkurupuko

Mshereheshaji ametoa dakika kumi, na binti mkubwa wa marehemu, anayewasomea maneno haya, ameombwa na wadogo zake asome polepole. Atajaribu, ingawa polepole si tabia ya nyumba ile.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa karani wa stoo ya reli, mama yake alishona sare za shule. Jina la Kiberiti alipewa na dada zake, kwa ufupi wake na kwa kuwaka kwake upesi, na likamganda hata benki walimwita hivyo. Mtoto huyo hakuwahi kukaa kwenye kiti kwa dakika tano mfululizo, isipokuwa akiwa na penseli. Baba yake alirudi na fomu za stoo zilizokwisha tumika, na mgongoni mwa fomu hizo ndipo alipoanza kuchora watu wanaokimbia. Walikimbia kutoka wapi kwenda wapi, hakuna aliyejua, ila walikimbia kweli.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Akiwa darasa la sita alikuwa na daftari la hadithi ya picha, na sheria yake ilikuwa ukurasa mmoja kwa kila mapumziko, hata ungelia. Siku moja mwalimu wa hesabu alilikamata daftari, akalifungia kabatini, akamwadhibu mwenyewe kwa kumfagilisha uwanja mzima. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi mwalimu alimwita pembeni, akamrudishia daftari huku akiangalia kama kuna mtu anayewaona, akamuuliza yule mama aliyetumbukia kisimani alitokaje. Marehemu alimjibu kwamba asubiri mapumziko. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1969, na katika hesabu alipata alama ambazo familia imekubaliana zisitajwe.

Mwaka 1970 aliajiriwa kukata karatasi katika kiwanda cha uchapaji. Alikata karatasi miaka minane, na kila kipande kilichobaki kwenye mashine alikijaza picha. Juni 1978, yeye na mchapaji mwenzake walitoa toleo la kwanza la Mkurupuko, kurasa thelathini na mbili, kila mwezi. Humo ndimo alimozaliwa Bibi Bisibisi, yule kikongwe fundi anayetengeneza redio, pasi, baiskeli na saa, na ambaye kila kifaa anachokifungua anakuta ndani yake ushahidi wa wizi wa mkubwa fulani. Mkishikana mikono leo mtagundua kwamba nusu yenu mlijifunza kusoma kwa Bibi huyo, na nusu nyingine mlichapwa kwa kumsoma darasani.

Wakati ule jarida lilikuwa na afya, jamani. Mwaka 1983 lilichapwa nakala elfu arobaini na mbili kwa mwezi. Majarida ya katuni mjini yalikuwa sita, yakining'inia kwa vibanio vya nguo kwenye kamba za wauza magazeti, na wachoraji wake walitukanana kwa upendo katika mkahawa mmoja. Kinyozi alinunua nakala moja ikasomwa na vichwa hamsini. Ikifika mikononi mwa mtu wa mwisho haikuwa na jalada, haikuwa na ukurasa wa katikati, na bado alikaa mlangoni akiisoma. Marehemu alipenda kwenda kusimama karibu na kamba hizo siku ya toleo jipya, akijifanya anafunga viatu, asikie watu wanacheka ukurasa gani. Alivaa ndala, lakini hilo halikumzuia.

Alifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1980 na karani wa ofisi ya ardhi, mwanamke ambaye mwandiko wake ulikuwa safi kuliko taipureta ya mkuu wake. Tusifiche, uchumba wenyewe ulianza kikazi. Mwandiko wa marehemu ulikuwa haufai, na wasomaji walilalamika kwamba hawajui Bibi anasema nini. Basi wakapanga hivi: yeye achore picha na kuacha viputo vya maneno vitupu, kisha amsimulie hadithi mwanamke huyo akiwa jikoni, naye mwanamke ayaandike maneno. Mke aliandika alichotaka. Marehemu alisoma hadithi yake mwenyewe baada ya kuchapwa, kama wasomaji wengine, na mara nyingi alikiri kwamba ya mkewe ilikuwa tamu zaidi.

Machi 1984 mama alipokwenda kujifungua mtoto wa pili, marehemu kwa kuhangaika kwake alizichukua kurasa mezani akazipeleka kiwandani bila maneno. Mchapaji alidhani ni mtindo mpya. Nakala zote elfu arobaini na mbili zikatoka na watu wamefumbua midomo, viputo vyeupe pe. Marehemu alijifungia ndani siku tatu, akasema amekwisha. Siku ya nne posta walituma gari. Wasomaji walikuwa wamejaza maneno yao wenyewe na kurudisha nakala, magunia manne, na zingine zilikuwa na matusi ya kiwango cha juu sana. Mama, akiwa na kichanga kifuani, alizisoma zote, akasema kwa utulivu kwamba ameachishwa kazi na taifa zima.

Sasa tufike pale ambapo msomaji huyu alikuwa anapakimbia. Karatasi ilipanda, wauza magazeti wakaanza kuuza vocha za simu, majarida yale mengine matano yakaondoka moja baada ya jingine. Mwaka 2011 bintiye mkubwa, aliyesomea biashara, alichukua uendeshaji wa ofisi ya mjini. Baba alichora nyumbani, na kila Alhamisi tarishi alikwenda kuchukua kurasa nane. Mwaka 2019 walichapa nakala mia tisa. Mwaka 2022, mia tatu na kumi.

Watu wakimwambia katuni zimekufa alikuwa anawaka. Mwaka huohuo wa 2022 mjukuu wake alimpeleka kwenye maonyesho ya wachoraji vijana. Aliwakuta wamejaa ukumbi, wanachora kwenye vioo vya kompyuta, wengine wamebana vijitabu vyao kwa pini, nakala hamsini tu, na kabla ya saa sita mchana hawana hata kimoja. Msichana mmoja alimwambia kwamba kwenye simu anasomwa na watu elfu sitini. Marehemu akamuuliza kama watu hao wanasubiri. Msichana akajibu kwamba hawasubiri, babu, ukichelewa siku mbili wanahama. Walimpa cheti cha heshima, akakikataa kwa maelezo kwamba vyeti vya namna hiyo hupewa waliokwisha fariki. Njia nzima ya kurudi alikuwa anavua kofia na kuivaa. Alifurahi na aliumia, vyote kwa pamoja, na alisema hivyo waziwazi.

Januari 2023 moyo wake ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari aliwaambia wanawe kwamba mzee asipewe habari za kumshtua. Machi mwaka huohuo binti mkubwa alifunga mashine, akauza kikatio cha karatasi, akaagana na tarishi. Hakumwambia baba yake.

Alimdanganya. Neno ni hilo, na wadogo zake wanalisikia leo kwa mara ya kwanza. Kila Alhamisi saa nane mchana alikwenda mwenyewe kuchukua kurasa nane, akisema tarishi yuko likizo, likizo iliyodumu miezi kumi na tisa. Kila mwisho wa mwezi alikwenda duka la fotokopi karibu na ofisi ya maji, akatoa nakala tatu. Moja aliiweka juu ya matoleo ya zamani hamsini, akaifunga bunda kwa kamba kama wanavyofungiwa mawakala, akampelekea baba aone. Baba alipiga bunda kwa kiganja, akauliza soko likoje. Binti alijibu kwamba linakwenda hivyohivyo. Kisha akatoka, akawasha gari na kurudi mjini. Matoleo kumi na tisa. Mwanamume mwenye vidole vilivyovimba, anayepumzika kila baada ya mstari, akichora kurasa thelathini na mbili kwa ajili ya nakala tatu. Binti hakulala vizuri mwaka mzima. Aliogopa kumwambia, na aliogopa zaidi baba yake afe akiwa amepumbazwa na mtoto wake mwenyewe.

Alhamisi ya tarehe 10 Oktoba mwaka huu alishindwa kuvumilia. Alipokwisha kupokea kurasa, hakuondoka.

"Baba, kuna jambo."

"La mashine?" marehemu akauliza, akifuta kalamu. "Lile najua tangu Mei ya mwaka jana. Muuza magazeti wa kona alinipigia, anauliza mbona tumemnyima jarida."

Binti akamuuliza, kwa hasira kwa kweli, kama alijua, ya nini kujiua kwa kazi mwaka mzima na zaidi.

"Zamani alikuwa anakuja tarishi," marehemu alisema. "Wewe ulikuja kila baada ya miezi miwili, ukasimama hapo mlangoni na funguo za gari mkononi. Ningeacha kuchora, Alhamisi ungekuja kuchukua nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia binti huyo neno zito kama hilo, na lilisemwa kwa sauti ya kawaida kabisa, mzee akitafuta kifuniko cha wino. Mama alikuwa jikoni. Ikaja kujulikana kwamba yeye alijua siri zote mbili, ya baba na ya mtoto, na aliendelea kujaza viputo, kwa maelezo kwamba hakuna aliyemuuliza. Siku hiyo binti aliweka funguo mezani, akakaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Walizungumza mambo ya ovyo tu, mvua, bei ya betri, jirani aliyepaka nyumba rangi mbaya. Yeye anaikumbuka kama siku njema kuliko zote walizokuwa nazo.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Familia inamshukuru daktari, muuguzi aliyekuja kila siku, na muuza magazeti wa kona, ambaye yupo hapa na asijilaumu.

Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, dada zake wawili wakubwa, na wachoraji vijana waliofika leo wakiwa wengi kuliko ndugu. Vijana, kwenye maonyesho yenu ya mwakani mama atakuja. Alhamisi ijayo, wageni wakishatawanyika, binti mkubwa atafika nyumbani kwa mama saa nane mchana. Hakuna kurasa za kuchukua. Atakuja.

Pumzika, Baba, na amani iwe nawe.