Matofali Niliyoyataka Mimi

Ndugu zangu, shikamoo zenu nilishazipokea mlangoni, kwa hiyo tusizirudie, tutachelewa. Aliyenitolea salaam aleikum nimemwitikia, na aliyesema Bwana asifiwe nimemwitikia pia. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wajane ameniomba niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nimeandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu wa ngumbaru, nisije nikapotelea njiani. Jambo moja mlijue mapema: mimi sisahau jina la mtu. Walionisema vibaya nawakumbuka mmoja mmoja, pamoja na baba zao. Hapa sitamtaja hata mmoja. Nitawataja walionisaidia tu.

Mimi ni mtu wa Mzenga, Kisarawe. Huko nilizaliwa, huko nikachezwa ngoma ya mwali. Nikaolewa na fundi cherehani wa Bukoba, Mwislamu mwenzangu, aliyekuwa akishona huku Pwani. Akanipeleka kwao, nikaishi kule zaidi ya miaka thelathini. Nikazoea ndizi, nikazoea mvua, nikazoea kuvaa sweta mchana. Mungu akatupa mtoto mmoja, Mwanaidi, ambaye yuko hapa Kibaha na leo yumo humu ndani, ananikodolea macho nisiseme mengi. Nitayasema.

Nyumba yetu ya kwanza kule ilikuwa ya miti na udongo. Ilikuwa imara, lakini mimi niliionea aibu. Majirani walikuwa wanajenga kwa matofali ya kuchoma, mimi bado nakandika ukuta kwa mikono kila baada ya masika. Nikamwambia mume wangu, na wenzetu ni watu kama sisi. Nikamwambia asubuhi, nikamwambia jioni. Nyie mnaocheka mnanijua. Akakubali. Tukafyatua matofali, tukachoma tanuru, fundi akajenga. Akaunganisha matofali kwa udongo badala ya saruji, kwa sababu ndivyo kila mtu pale alivyojenga. Saruji kidogo tuliyokuwa nayo tukapigia plasta kwa nje. Ikapendeza. Ile ya miti tukaibomoa, tukaacha jiko lake la miti uani niwe napikia.

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Ni mwaka elfu mbili kumi na sita, mwezi wa tisa, Jumamosi alasiri. Mimi niko jikoni uani namenya ndizi. Mume wangu yuko sebuleni, ametoka kutawadha, anajifuta miguu. Nikasikia mngurumo kama lori kubwa linapita chini ya miguu yangu. Chini, siyo barabarani. Sufuria ikaondoka mafigani. Jiko langu la miti likalala upande huu, likalala upande ule, likarudi likasimama. Nikatazama nyumba. Ule ukuta wa juu wa pembe tatu, unaobeba paa, ukaanguka kwa ndani.

Ndugu zangu, nawaambia, sikupata hata muda wa kumaliza kumwita.

Majirani walikuja kufukua kwa mikono. Kemilembe alikuja na mtoto mgongoni, akamshusha, akamweka kwenye nyasi, akaanza kutoa matofali. Mzee Rwezaura alikuja na jembe lisilo na mpini. Nyumba ya Rwezaura mwenyewe ilikuwa imelala, na bado alianza na yangu. Tulimtoa mume wangu ameshatangulia. Kitambaa cha kujifutia bado kilikuwa mkononi.

Msibani tulikaa chini ya turubai, maana hakuna aliyethubutu kuingia chini ya dari, na ardhi ilikuwa bado inajitikisa siku hadi siku. Pale ndipo wifi yangu mmoja aliponiambia, mbele ya watu, "Wifi, wewe ndiye uliyetaka matofali. Haya, ndiyo hayo."

Nilikuwa nimeshajiambia hivyo hivyo kabla yake.

Maneno mengine yalikuwa mengi. Kuna waliosema ni dhambi zetu. Kuna waliosema ni mwanamke wa Pwani, ametembea na vitu vyake. Baadaye akaja mtaalamu wa miamba, akatukusanya uwanjani. Akaeleza kwamba ardhi tuliyoikalia imegawanyika mapande makubwa, na kwamba kule kwetu tuko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Mapande yale yanavutana miaka na miaka bila mtu kusikia kitu, halafu siku moja yanateleza kwa ghafla. Kemilembe akamuuliza kama ina maana siyo dhambi. Yule bwana akasema, "Mama, mwamba haujui nani kaswali na nani hakuswali." Watu wakashusha pumzi. Lakini akaongeza kwamba ardhi ikitikisika, mara nyingi kinachoua ni nyumba: matofali mazito yaliyoshikwa na udongo, bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta. Wenzangu walisikia maneno ya kwanza. Mimi nilisikia ya pili tu. Nikayabeba mpaka Mzenga.

Maana nilirudi kwa kaka yangu, Mohamedi, Mzenga. Akanipa chumba kizuri kwenye nyumba yake ya bloku. Nikafika mlangoni, miguu ikakataa. Siyo kwamba niligoma, miguu ilikataa. Nikahamia jikoni kwake, banda la miti na makuti, nikakaa humo zaidi ya miaka mitatu. Wali nilikula nje. Mvua ikinyesha nilihamisha kitanda. Mazishi nilihudhuria uani, harusi uani. Watoto wa pale wakanipachika jina, Bibi wa Nje. Mohamedi hakunilazimisha hata siku moja. Alikuwa anakuja na kiti chake, anakaa na mimi kwenye moshi, anakohoa, anaondoka.

Mwanaidi alipokuwa na mimba ndipo akanifuata. Mnajua desturi yetu. Binti akijifungua, mama yake anamkanda kwa maji ya moto, mgongo, kiuno, miguu, siku zote za uzazi. Mtu mwingine anaweza kukanda, lakini mama akiwa hai na mzima, hiyo kazi ni yake. Nikaja Kibaha. Mkwe wangu ni mtu mwenye heshima, akanijengea kibanda cha miti nyuma ya nyumba bila kuuliza. Mtoto akazaliwa salama, mwanamke. Nikachemsha maji uani, nikatia majani, nikabeba ndoo mpaka kwenye kizingiti. Nikaishia hapo.

Aliyemkanda mwanangu ni jirani, mama Neema, mtu wa Iringa, Mkristo, ambaye kwao hata hawakandi hivyo. Mimi nasimama nje ya dirisha, nasema panda juu kidogo, shuka, hapo hapo, usiogope bonyeza. Kama fundi anayeelekeza saidia fundi. Siku ya tatu Mwanaidi akaniambia pale dirishani, polepole, bila hasira, "Mama, baba nilimkosa. Na wewe nakukosa hivi hivi nakuona?"

Nikaenda kibandani kwangu nikalia mpaka nikachoka.

Jioni ya siku ile ile, watu wanamalizia kula, mkwe wangu yuko zamu huko Kwala ilikokuwa inajengwa bandari kavu, mama Neema ameshaenda kwake. Niko uani nasuuza sahani. Nikausikia. Ule mngurumo. Mnalikumbuka wenyewe, lile tetemeko lililosikika Dar na huku Pwani nzima, kila mtu akatoka barabarani na taulo lake. Nyie mlikuwa mnaulizana ni nini. Mimi sikuhitaji kuuliza.

Bati zikagonga. Vyombo vikalia kabatini. Majirani wote wanatoka, na mwanangu hatoki. Ana siku tatu tu za uzazi, miguu imevimba, mtoto yuko kifuani.

Sikumbuki kuvuka kizingiti. Nakumbuka niko chumbani, nimemshika mtoto kwa mkono mmoja na Mwanaidi kwapani kwa mkono mwingine. Tukatoka mpaka barabarani, mimi kichwa wazi, kanga imebaki mlangoni. Mama Neema akatukuta pale, akaniangalia, akasema, "Bibi, umetokea wapi?" Nikamwambia, ndani. Akauliza tena, nikamjibu tena. Hapo ndipo nikatetemeka mimi, ardhi ikiwa imeshanyamaza.

Nyumba haikuanguka. Hata plasta haikupasuka. Tukiwa bado barabarani nikamwambia Mwanaidi kile nilichokuwa sijamwambia mtu, kwamba baba yake nilimuua mimi kwa matofali. Akanitazama kama mtu anayesikia habari za nyumba nyingine. Akasema, "Mama, baba alikuwa ananipigia simu kila wiki kunisifia ile nyumba. Alisema wewe ndiye uliyechelewa kuitaka, la sivyo angeijenga mapema."

Yule mzee. Kwangu alijifanya kakubali shingo upande. Mwongo mkubwa, Mungu amrehemu.

Asubuhi yake nikachemsha maji. Nikafika kizingitini, miguu ikataka kuleta maneno. Nikaiambia, jana mlijua njia. Nikaingia. Nikamkanda mwanangu mpaka akasinzia, nikahamishia kitanda changu chumba cha pili. Kibanda alikivunja mkwe wangu, miti yake tukapikia.

Kwa hiyo, wifi yangu popote ulipo, na wote wa mdomo wako, sikilizeni. Ndiyo, nilitaka matofali. Nilitaka nyumba nzuri kama mtu yeyote anavyotaka, na mume wangu aliitaka zaidi yangu. Hatukuwa na mtu wa kutuambia jinsi ya kuifunga ile nyumba. Hilo ndilo kosa, na halina jina langu. Sasa hivi hapa mtaani fundi akianza msingi naenda kusimama. Wananiambia bibi, Pwani hakuna matetemeko. Nawauliza, siku ile ulitoka na taulo la rangi gani? Halafu nawaambia: Funga lenta, ule mkanda wa zege, nyumba nzima, baba, usiweke juu ya dirisha tu. Changanya saruji. Wananichukia, na kuta zao zinanyooka.

Namshukuru Kemilembe aliyemlaza mtoto wake kwenye nyasi. Namshukuru Mzee Rwezaura na jembe lake. Namshukuru kaka yangu Mohamedi kwa kikohozi chake. Mama Neema, simama wakuone, mikono yako imemkanda mwanangu. Mkwe wangu yuko kazini, mfikishieni. Na wewe Mwanaidi, ulinisema dirishani. Asante, mwanangu.

Wajane wenzangu, mtu akija msibani kwako kukwambia ulimuua mumeo kwa kile ulichokitaka, usimbebee mzigo wake miaka kama mimi. Muulize anajua nini kuhusu ardhi. Hajui. Mimi najua kidogo: inaweza kutikisika tena hata kesho. Ikitikisika nitatoka nje kama watu wote. Ikitulia, nitarudi ndani kulala kitandani kwangu.