Tuba ya Nicanor Cuevas

Mheshimiwa Meya Rutilio Bautista, unayetazama saa. Daktari Arrieta, msomi wa vitu vya kale, uliyetoka mji mkuu wa jimbo na kuyavumilia matope yetu. Wazee wenzangu wa baraza, mliobaki. Maestro Crispín na bendi yako. Ndugu zetu mliorudi kutoka Kaskazini kwa ajili ya sikukuu. Na akina mama mlio jikoni, mnaonisikia kupitia dirisha, ambao bila ninyi hakuna sherehe wala hakuna San Melitón Yatuni: nawasalimu nyote. Niliyemruka aje anigombeze baadaye, kama kawaida.

Mheshimiwa Meya aliniomba niseme kwa dakika tatu kabla hajakata utepe. Mimi nilimjibu tutaona.

Nimesoma madarasa mawili tu, na hotuba hii nimeiandika mwenyewe kwa siku nne. Lakini nitajieni msomi mmoja aliyeshika ufunguo mmoja miaka thelathini na mitatu bila kuupoteza. Naam? Nani huyo nyuma anasema niliupoteza mara moja? Wewe, shemeji Taurino, meno yamekwisha lakini ulimi bado upo. Tulia. Nitafika huko, na nikifika utatamani ungekaa kimya.

Leo makumbusho yetu yanafunguliwa upya. Yana taa, yana makabati ya vioo yaliyokazwa kwa skrubu, na asubuhi hii nimemkabidhi ufunguo mlinzi mpya, Edelmira Cuevas, msichana wetu aliyekwenda mjini akasomea kazi hii na akarudi. Vioo ni vizuri, sikatai. Nimejitazama ndani yake nikajiona bado mwanamume mzuri. Ila mnisamehe nikisema kwamba jana, nilipoingia, pua yangu iliyatafuta makumbusho ya zamani na haikuyaona. Mnakumbuka ilivyokuwa? Ghala la kahawa, ukuta wa udongo, harufu ya gunia na moshi, na mvua ikinyesha tunahamisha vitu vya kale kutoka pembe moja kwenda nyingine, tukicheka. Paa lile tuliliinua kwa kazi ya kijiji. Nani alibeba boriti ya katikati? Mimi. Wako wanne wanaosema walikuwa chini yake pamoja nami, lakini watatu wamekufa na wa nne haoni vizuri.

Na wageni tuliowapata. Alikuja bwana mmoja aliyekaa Kaskazini miaka ishirini, akaliona jiwe la kusagia la mama yake, akaniambia, "Don Procopio, niruhusu nisage kidogo." Nikamletea mahindi. Akasaga akilia, unga wake ukawa mbaya kabisa, na tukaula. Walikuja wazungu wawili wakauliza kofia ile ni ya nani, nikawaambia ya jenerali. Ilikuwa ya mjomba wangu. Daktari, hilo usiandike.

Lakini nataka kusema jinsi tulivyoanza, kwa sababu vijana wanafikiri makumbusho yalidondoka kutoka serikalini kama mabati.

Mwaka ule mkutano mkuu wa kijiji uliwachagua watu watatu waende wakatazame makumbusho madogo ya vijiji vingine, wajue mambo yanavyofanywa. Alikuwa mwalimu Eufrosina Mecinas, Mungu amrehemu. Nilikuwa mimi, mwenyekiti. Na alikuwa Nicanor Cuevas, mpiga tuba, babu yake Edelmira. Tulisafiri siku tisa juu ya malori ya saruji na ya mbuzi, tukila tamales za mahindi zilizopoa. Niliona chumba nyuma ya ofisi ya kijiji chenye mashine ya kuandikia na kifaranga wa vichwa viwili ndani ya chupa. Niliona pengine pasipo na kitu ila picha za akina mama wote wa kijiji, ukutani, kwa safu, na mlinzi akituambia kila mmoja alipikaje. Kila tulipoingia tulipewa kahawa, na kila tulipotoka mwalimu Eufrosina alisema, "Na sisi tunaweza." Sijawahi kuwa na siku tisa kama zile, na sasa tumebaki mimi na kumbukumbu.

Kijiji cha saba, mlinzi alikuwa mama mmoja akipukuchua mahindi mlangoni. Ndani tukakuta kabati tupu, na karatasi imewekwa mahali pa kitu: "Limekwenda harusini. Litarudi Jumanne."

Nikamwuliza, "Mama, haya ni makumbusho au duka la kukodisha?"

Hakuinua hata macho. "Vazi la bibi arusi ni la ukoo wa bibi arusi, baba. Lina harusi, limekwenda. Kwenu vitu vinakaa tu?"

"Kwetu kitu kikiingia hakitatoka," nikasema.

"Mna vitu vingapi?"

"Bado hatujaanza."

"Basi anza kwanza, baba, halafu urudi unifundishe."

Nicanor alicheka mpaka kijiji cha nane. Kila lori liliporuka shimo alinigeukia, "Mwenyekiti, umeanza?" Ndivyo alivyokuwa. Mimi nilinuna. Nilijiambia, ngoja tufungue yetu, mtaona ulinzi.

Sasa lazima niseme kuhusu tuba, na hapa naomba Doña Otilia, mjane wa Nicanor, uliyekaa mstari wa mbele, unisikilize mpaka mwisho hata ukitaka kunirushia fimbo.

Tuba ile, lile tarumbeta nene lenye sauti ya chini kuliko yote, iliingia kijijini mgongoni mwa baba yangu, Don Hilarión Yescas. Aliibeba kutoka mjini siku tatu kwa miguu, mvuani, kabla barabara haijachongwa. Aliipiga mpaka mapafu yakakataa. Kijiji kizima kilijua itabaki kwa mwanawe, na mimi mwanawe nilijua kuliko kijiji. Nilikuwa na kifua cha farasi. Nilipiga kwa nguvu hata kuku walihama. Siku ya kuikabidhi, mbele ya bendi yote, baba akanipita akampa Nicanor. Nilipomwuliza kwa nini akasema, "Mwanangu, tuba inataka mtu anayesikiliza wenzake. Wewe unapenda kusikilizwa."

Maneno hayo nimeyabeba miaka sitini na minne. Boriti ile ilikuwa nyepesi.

Nicanor aliipiga miaka thelathini, na aliipiga vizuri. Nalisema leo kwa mara ya kwanza kwa kinywa changu. Bendi ilipopata tuba mpya, tukawa tunapita nyumba hadi nyumba kuomba vitu vya kale, akaileta mwenyewe. Akaiweka mezani akanitazama. "Procopio, naikopesha kwenu, siwapi. Siku yangu ikifika, mnaitoa, inanipeleka, halafu mnairudisha." Nikasema sawa. Wote mnajua desturi yetu: mwanamuziki akifa, chombo alichopuliza hutembea mbele ya jeneza, mwanafunzi wake akikipiga. Hakuna mtu wa Yatuni anayehitaji kuambiwa hilo.

Miaka mitatu baadaye Nicanor akafa. Asubuhi Doña Otilia alikuja mlangoni pa makumbusho, ameshika mkono wa mjukuu wake wa miaka minane. Edelmira, ulikuwa wewe. Ulikuwa na viatu vya kaka yako. Bibi yako hakuomba kwa maneno mengi. Alisema, "Don Procopio, tumekuja kuichukua."

Nikamwambia ufunguo umepotea.

Nikasema nimeuangusha jana katika shamba la mahindi la mtoni. Mkaacha msiba, ninyi, wanaume kumi na zaidi, mkaingia shambani, mkapiga magoti, mkapekua udongo kwa vidole mpaka saa sita mchana. Taurino, ulikuwepo, uliniambia, "Shemeji, usijilaumu." Wengine wakataka kuvunja kufuli. Nikasimama mbele ya mlango nikasema kufuli la mkutano mkuu halivunjwi mpaka mkutano mkuu ukae, na nilikuwa sahihi kwa sheria zetu, na nilijua kwamba mkutano hauwezi kukaa mtu akiwa hajazikwa.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilikuwa nao nilipopiga magoti pamoja nanyi. Kesho yake nikasema nimeuokota, mkafurahi, mkanipa glasi ya pombe ya mezcal, nikainywa.

Taurino, sasa umekuwa kimya. Nilikuambia.

Mnataka kujua kwa nini. Ningeweza kusema ni ulinzi, ni kile kibao cha "Usiguse" nilichokipenda kama mtoto wangu. Si hivyo. Nilitaka siku moja tu tuba ya baba yangu imkatae Nicanor. Ikamkataa. Nikatembea katika mazishi yale kifua mbele, mpaka nilipoona mlichokifanya. Mbele ya jeneza, pale ambapo tuba hutembea, hamkutaka mtu apite. Mliacha nafasi, upana wa mtu mmoja, na mkatembea hivyo kilima chote mpaka makaburini, bendi nyuma, jeneza katikati, na mbele hakuna mtu. Nimeona mazishi mengi. Yale tu ndiyo ninayoyaota.

Tangu siku ile sikumnyima mtu kitu. Vinyago vya ngoma vilitoka, jiwe la kusagia lilikwenda harusi kumi na nne, joho la mzee wa kanisa lilitoka likarudi na doa la mchuzi wa mole. Edelmira ameniorodheshea nyufa na madoa, na ana haki. Vitu vimechoka kwa sababu yangu. Nilikuwa nalipa kwa wote deni la mmoja, na yule mmoja hakuja kuomba tena, kwa kuwa nani angekuja? Nilichofanya ni kuitia tuba mafuta kila Ijumaa. Vitufe vyake vinashuka na kupanda kama siku ya kwanza. Hilo ni majivuno, na ni kweli.

Sasa mambo ya leo. Daktari Arrieta ametusomea mkataba: kuanzia utepe utakapokatwa, hakuna kitu kitakachotoka katika vioo vile, si kwa harusi, si kwa ngoma, si kwa msiba. Mkutano mkuu umekubali. Mimi nilipiga kura ya hapana peke yangu, nikashindwa, na mshindwa hutii. Sikuja kupinga mkataba. Ila mimi ni mzee ninayesikiliza maneno pale yanaponifaa, na nilisikia vizuri: kuanzia utepe utakapokatwa. Mheshimiwa Meya, mkasi uko mkononi mwako na utepe bado mzima. Ndiyo maana naongea kwa muda mrefu hivi. Ulidhani ni uzee.

Edelmira, binti yangu, ufunguo ni wako tangu asubuhi, na mimi sina mamlaka hata juu ya kibao cha "Usiguse". Kwa hiyo navua kofia. Miaka thelathini iliyopita ninyi wawili mlisimama mlangoni na mimi nilikuwa ndani. Leo wewe uko ndani, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Naomba tuba ya babu yako itoke, saa moja tu, ipande kilima, imfikie alipo, Isauro, mpiga tuba wa bendi, ampigie kile alichostahili kupigiwa, irudi. Halafu mkate utepe, mkaze skrubu, mimi sitaomba kitu tena mpaka nife. Ukisema hapana, ni haki yako, na sitakuuliza ufunguo uko wapi.

Doña Otilia, unasema nini? Sema kwa sauti, mimi sikio hili halisikii. Anasema nimechelewa. Ni kweli, mama. Anasema pia niache kumtazama yeye, aliyeombwa ni mjukuu wake.

Edelmira?

Tulieni, jamani, mwacheni afikiri. Daktari, naona unatazama karatasi zako. Asante kwa kuzitazama polepole.

Haya, anasema jambo. Mmesikia? Wa nyuma hawakusikia, ngoja nirudie. Anasema, "Itatoka. Lakini utaibeba wewe, Don Procopio. Si Isauro, si mtu mwingine. Kutoka hapa mpaka kaburini, mbele, peke yako, na usipige hata sauti moja."

Binti yangu, nina miaka themanini na minne, goti la kushoto ni la kupamba tu, na kilima kile unakijua. Kuhusu kutopiga, babu yako angekushukuru.

Nakubali.

Basi, Isauro, utatembea nyuma yangu, utaipokea tukifika, na uipige kama alivyokufundisha mwalimu wako aliyefundishwa na Nicanor. Maestro Crispín, wapange watu wako. Akina mama, funikeni masufuria, tutarudi na njaa. Mheshimiwa Meya, tia mkasi mfukoni usije ukajichoma kilimani. Mtakaonifuata njiani msinishike mkono hata mkiniona nayumba. Nikitaka kupumzika nitapumzika, na ninyi mtasimama nyuma yangu mkingoja.

Nawashukuru wote mliojenga nyumba hii, waliomo humu na waliotangulia. Nakushukuru, Doña Otilia, kwa kutorusha fimbo. Nimepewa masikio yenu leo kuliko ninavyostahili, na asanteni kwa hayo. Edelmira, fungua kioo. Wengine nipisheni, nina mzigo.